Kwarara Upande Mkavu wa Ukingo

Wewe mwenye simu yenye kamera mfukoni, nipe sikio kidogo. Nataka kukueleza tulivyofanya kazi kwenye mabwawa ya majitaka, na jinsi ndege mmoja alivyokaribia kunitoa huko.

Siku yangu ya kwanza nilienda na viatu vya kanisani. Dereva wa lori letu, Wambua, aliniangalia miguuni. "Mama, umekuja kubatizwa ama kufanya kazi?" Akanitafutia gambuti. Nikapewa daftari na fimbo ndefu yenye alama, ya kupimia kina cha maji.

Majitaka ya mitaa hupitia bwawa baada ya bwawa. Katika la kwanza uchafu mzito hutulia chini. Katika yale ya mwisho jua na mwani humalizia kazi, na humo wadudu huzaliana kwa wingi. Nilikuwa nimejiandaa kwa harufu. Ndege hakuna aliyenitajia. Asubuhi ile nikawaona heroe, wale wa rangi ya waridi wenye miguu myembamba, wakipita taratibu majini kama wasimamizi wa harusi. Nilisahau kuziba pua.

Baada ya miaka kadhaa Msimamizi wa Mabwawa alinikabidhi kamera ya ofisi. Kila wiki nilipaswa kupiga picha za kingo, yaani kuta za udongo zinazozuia maji, ili ufa ukitokea uonekane mapema. Filamu ilikuwa na picha thelathini na sita, zikiisha, zimeisha. Hapo ndipo nilipojifunza kuchuchumaa, kuliweka jua mgongoni, na kumwacha ndege anizoee badala ya kumfuata. Kingo nilipiga kweli, ila kila ukingo ulikuwa na ndege mbele yake.

Kiangazi kimoja Msimamizi aliniita. Picha zangu zilikuwa zimetandazwa mezani.

"Mama Nafula, nilikutuma nini?"

"Kingo, mzee."

"Mbona naona kuku?"

"Si kuku, mzee. Huyu mwenye mdomo mrefu uliopinda ni kwarara. Ndiye anayetuamsha mitaani kwa kelele."

"Basi leo amekuamsha vizuri. Jumatatu utajiunga na wale wa kuzibua mashimo. Kamera iache hapo."

Kuzibua mashimo ya mabomba ya majitaka ni kushinda chini ya barabara, mahali ambapo hata shomoro hafiki. Niliiweka kamera mezani na kuanza kukusanya picha, nikijua nisingewaona tena heroe wangu. Picha moja Msimamizi alikuwa bado ameishika.

"Ngoja. Huyu kuku anafanya nini?"

"Anatafuta minyoo."

"Na mdomo wake uko wapi?"

"Umezama kwenye udongo."

"Upande gani wa ukingo?"

Nikainama kutazama. Kwarara alikuwa upande wa nje, upande mkavu. Mvua ilikuwa haijanyesha kwa miezi, na ardhi yote ilikuwa ngumu kama tofali. Lakini mdomo wake ulikuwa umezama hadi karibu na macho. Hapo palikuwa laini. Maji yalikuwa yakipenya chini ya ukingo.

"Hii ni ya lini?"

"Wiki iliyopita. Na wiki iliyotangulia alikuwa papo hapo."

Nilikuwa nimempiga picha mara mbili, nikifurahia kijani kinachong'aa bawani mwake.

Tulienda mbio. Fimbo yangu ilizama kama mwiko kwenye ugali. Chini ya ukingo ule kulikuwa na mashamba ya sukuma wiki, na watu wakipalilia. Wambua akawaita watoke, kisha akaleta udongo wa mfinyanzi, lori baada ya lori, mpaka pakazibwa.

Jumatatu niliikuta kamera kwenye kiti changu. Msimamizi alisema bila kuinua kichwa, "Endelea na kuku wako. Lakini uwaulize wanafanya nini."

Sasa nimestaafu, naishi mtaa wa Fedha, na kutoka roshani yangu naona mwewe akibeba vitambaa kwenda kutandika kiota. Watu wakinisifu kwa habari ya ukingo ule, huwasahihisha. Aliyeona kwamba unavuja ni Msimamizi, mtu asiyejali ndege hata kidogo. Mimi niliyewapenda nilitosheka na uzuri wao, na picha nzuri ikanizuia kuuliza. Tangu siku ile nimeuliza kila siku, na raha imeongezeka.

Kesho asubuhi mchague ndege mmoja, hata kunguru wa jaani. Mtazame dakika tano, simu ikiwa mfukoni. Ukishajua anafanya nini, mpige picha.