Kinyozi Aliyemnyoa Chifu Nusu Kichwa

Kuna siku moja ninayoikumbuka vizuri kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu. Nilikaa sakafuni chumbani kwangu Makindye, sanduku la bati liko wazi mbele yangu, nikaviangalia vitabu vyangu vya katuni nisihisi kitu. Ndiyo maana jana uliponiambia umefungua kabati lako la katuni ukalifunga tena bila kugusa hata kimoja, uso umekushuka kama mtu aliyefiwa, sikukucheka. Haya, nilicheka kidogo. Bibi yako naye ni binadamu.

Wakati huo nilikuwa karani Port Bell, bandari yetu ya ziwani, kwenye meli zinazobeba mabehewa ya treni. Mabaharia walijua ugonjwa wangu. Aliyetoka Mwanza alinishushia katuni za Tanzania, aliyetoka Kisumu akaleta za Kenya, nami nilizipokea kwa vigelegele, karani mzima na mhuri mkononi. Kila kitabu nilikitia ndani ya kaveera, mfuko wa plastiki, nikaubana ili vumbi lisipite. Hadithi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya kinyozi mmoja mwoga. Alikuwa anamnyoa chifu, chifu akapiga chafya, kinyozi akashtuka akatoroka na wembe wake huku nusu ya kichwa bado ina nywele. Toleo lililofuata sikulipata. Niliwasumbua mabaharia miaka na miaka, mpaka wakanibatiza Mama Kinyozi.

Aliyelipata ni Mzee Ochieng', mpishi wa meli ya Kisumu, mzee wa kanisa, mnene, mwenye sauti ya kuamsha bandari nzima. Alinikabidhi kwa mikono miwili. Nikashukuru, nikalitia kaveera, nikalipeleka sandukuni, na pengo la mwisho likajaa. Basi hapo hapo hamu ikaniaga.

Wiki zikapita. Wakiniletea katuni, napokea kama ninavyopokea karatasi za mizigo. Niliogopa, mwanangu. Nilijiuliza, kama hiki nilichokipenda tangu utotoni kimezimika, ni nini kingine kitakachozimika? Woga ukageuka hasira. Nikaamua kwamba Jumamosi nitampa muuza karanga wa sokoni sanduku zima, afungie karanga zake.

Ijumaa meli ya Kisumu ikaingia. Mzee Ochieng' akashuka na aproni yake, akaja ofisini kwangu akicheka kabla hata hajafika mlangoni.

"Haya, binti yangu, niambie. Ulicheka wapi? Pale kinyozi amejificha kwa pipa, ama pale anatoka?"

Nikamwambia kwamba sijalifungua, nimelihifadhi tu, tena kesho vyote vinakwenda kufungia karanga, maana hamu imeniisha.

Kicheko kikamkatika. Akaketi juu ya gunia, akanitazama.

"Mimi nimesoma hicho kitabu njia nzima," akasema, "mpaka nikaunguza maharage ya kapteni. Nikasema, nikifika Port Bell nitacheka na huyu msichana. Kumbe wewe ulikizika! Sasa unashangaa mbona matanga hayana raha? Kimbia ukilete."

Nikapanda boda hadi Makindye na kurudi, nimekikumbatia kile kitabu kifuani. Mzee akalichana lile kaveera kwa meno, moyo wangu nao ukaruka. Nikaanza kusoma kimya kimya pale kando ya reli. Wapakizi wakasogea, mmoja akanipigia kelele, "Nyabo, mama, soma na nguvu! Sisi pia tunataka sikia!"

Nikasoma kwa sauti. Kinyozi amekaa ndani ya pipa mpaka njaa ikamshinda. Anachungulia, anaona wanaume wote wa kijiji wamejinyoa nusu kichwa, kwa sababu hakuna aliyethubutu kutofautiana na chifu. Na wote wanamtafuta yeye, awanyoe hiyo nusu vizuri kama ya chifu! Mabehewa yakasubiri. Msimamizi akaja kutukaripia, akabaki mpaka ukurasa wa mwisho. Mzee Ochieng', aliyeijua hadithi yote, ndiye aliyecheka kutushinda, akijifuta machozi kwa aproni. Nami nilicheka hadi mbavu zikauma. Nilikuwa na furaha, mwanangu, furaha tupu.

Muuza karanga hakupata kitu. Sanduku nililihamishia ofisini, kila anayepanda meli akachukua kitabu. Vingine vilirudi vinanuka samaki, vingine vina madoa ya chai, vingine havikurudi. Hamu ya kukusanya haikunirudia tena, nakwambia wazi, wala sikuililia.

Kwa hiyo sikwambii urudi kwenye kabati. Hamu ikikuaga, usiitukane, usijitukane, na usitupe kitu kwa hasira. Jiulize kwanza ilikuwa inakaa wapi siku zote. Yangu nilidhani inakaa kwenye sanduku lililojaa, kumbe ilikaa kwa watu wa kucheka nao. Yako huenda inakaa kwingine. Itafute. Ukiona imekwenda kabisa, ishukuru kwa miaka mliyokaa pamoja, kisha wape vitabu wanaovitaka.

Lile toleo la kinyozi liliondoka na baharia wa Mwanza, na mpaka leo halijarudi. Natumaini limechakaa kwa kusomwa. Mungu akupe vitu vingi vya kupenda, mwanangu, na kila anapokiondoa kimoja akubakishie mtu wa kucheka naye. Jumapili tukitoka kanisani njoo na kitabu kimoja, chochote kile. Macho yangu hayaoni tena herufi ndogo. Utanisomea wewe, na usome na nguvu.