Kasuku Awapa Sauti Wageni wa Angani

Kasuku hakuwa ndege, alikuwa mwanamke mwenye koo la chuma. Kazi yake ilikuwa kukaa kando ya pazia la sinema, kipaza sauti mkononi, na kutafsiri filamu za kigeni papo hapo. Jambazi ni yeye, bibi harusi ni yeye, mtoto anayelilia titi ni yeye. Watazamaji ndio waliompa jina hilo, naye alilivaa kama nguo mpya.

Sasa, ukumbi ule ulikuwa na desturi yake, upuuzi mtupu! Watu wa ng'ambo ya reli, ambao weusi wao umekolea kuliko wa wenzao mjini, walikaa benchi la nyuma, karibu na mlango wa choo. Hakuna aliyeandika popote, lakini ukithubutu kukaa mbele, macho ya watu yatakuinua. Na kwenye filamu, kila kiumbe cha kutisha kilisemeshwa kwa lafudhi yao, ile ya kuvuta maneno, ili watu wavunjike mbavu. Kasuku mwenyewe ni mtoto wa ng'ambo.

Jumamosi moja mchana ikaja filamu ya wageni kutoka sayari ya mbali. Chombo chao kimeharibika, wenye mji wamewazungushia seng'enge na kuwachimbisha mitaro. Ngozi zao za kijivu, vichwa vyao loo, maboga! Mwenye ukumbi akasugua viganja.

"Kasuku, leo tucheke! Hao wape lafudhi ya kwenu. Ukiniharibia, Jumatatu kiti hicho kina mtu mwingine."

"Sawa, mzee," akasema Kasuku. Si unaijua ile "sawa" ya mtu ambaye hajakubali?

Na siku hiyo hiyo mama yake alikuwa amekuja, kwa mara ya kwanza, kumwona binti kazini. Mama alikuwa mfagiaji wa ofisi upande wa mjini. Kila asubuhi mlinzi wa geti, anayemjua fika, humsimamisha: "Wewe! Unatoka wapi? Huku unafuata nini?" Mama hutoa kitambulisho, hupita. Jioni humsimulia bintiye huku akijikanda miguu. Sasa alikuwa benchi la nyuma, mkoba magotini, anatabasamu peke yake.

Filamu ikaenda mpaka bibi mmoja wa kijivu akafika kwenye lango la seng'enge. Askari akamwelekezea bunduki.

"Wewe!" Kasuku akanguruma. "Unatoka wapi? Huku unafuata nini?"

Mbele watu walishaanza kucheka kabla bibi hajafungua mdomo. Kasuku akavuta pumzi, akampa lafudhi ya ng'ambo kama alivyoagizwa, ila taratibu, kwa sauti ya mtu mzima anayeheshimika kwake.

"Natoka pale pale nilipotoka jana, mwanangu. Nimekuja kufagia mnapochafua. Kila siku unaniuliza natokea wapi. Jina langu hujaniuliza bado."

Kicheko kikakatika. Mtu mmoja akajaribu kukiendeleza, jirani yake akamkanya, "Hebu nyamaza, wewe!" Kisha fundi viatu wa benchi la mbele, mcheshi kuliko wote, akasimama na kupiga kelele: "Mwambie, bibi! Mwambie huyo!" Ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi. Wageni walipoivunja seng'enge, mbele na nyuma walishangilia pamoja. Mwenye ukumbi alisimama mlangoni akikuna kidevu, halafu akatangaza kwamba kesho filamu inarudiwa, na Kasuku huyo huyo.

Nje, mama alimshika bintiye mkono, akamtazama kwa fahari mpaka Kasuku akaona haya.

"Yule bibi mwenye kichwa cha boga, ile si sauti yangu?"

"Ni yako, mama."

"Lakini mimi sijawahi kumjibu hivyo yule mlinzi."

"Najua, mama."

Mama akakaza kitambaa chake kichwani.

"Hebu rudia alivyosema. Polepole. Jumatatu asubuhi niko getini."