Picha Iliyopinda Jichoni

Niliiombea mashine yangu iwe mbovu. Kazi yangu ni kupiga picha za ubongo kwa MRI katika hospitali moja ya Mombasa, na fundi mwenye akili zake haombi dua kama hiyo. Lakini kichwa kilichopigwa picha wiki ile kilikuwa cha baba yangu.

Alikuwa na uvimbe nyuma ya jicho la kushoto. Daktari alitaka kujua kama umeugusa mshipa wa kuonea. Ukiwa umeugusa, jicho lile basi tena. Picha ikatoka na utata: pale pale jichoni ilikuwa imevutika na kupinda, na uvimbe ukaonekana umeulalia mshipa. Nikashikilia kwamba mashine ndiyo inayopinda. Nikamwachia mwenzangu kazi ya kuipima, nikamrudisha baba nyumbani Amu tungoje.

Kipimo chenyewe ni kichwa cha plastiki kilichojaa maji, na ndani yake mna wavu wa mistari iliyonyooka. Unakipiga picha kama mgonjwa, kisha unaitazama mistari. Ikipinda, kosa ni la mashine.

Ijumaa ile sikukaa kitako. Nilipanda darini kutafuta mtandao, nikashuka, nikatoka hadi kwenye kona ya kichochoro ambapo punda wa jirani aliziba njia na mizigo yake ya mchanga, nikarudi nimemkasirikia punda.

"Mbona waenda ukiya?" baba akauliza. "Kaa tini, waniumiza kitwa."

Ujumbe wa mwenzangu ukaingia: mistari yote imenyooka, hata ya pembeni. Mashine ilikuwa nzima.

Nikageuka nimweleze baba. Alikuwa ameshaoga na kuvaa kanzu, anajitayarisha kwenda sala ya Ijumaa. Alishika kichupa chake cha wanja wa jiwe, anapitisha kijiti jichoni, kama wazee wengi wa kwetu wanavyoifuata suna.

"Baba, ulipaka hiyo siku ya picha?"

"Niende safari mato matupu?"

Nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Wanja wa aina ile unaweza kuwa na chembechembe za chuma, na chuma kidogo tu hupinda picha. Wanawake huwa tunawaambia wafute. Mzee mwanamume nani angemuuliza? Tumaini likanirudia kwa kishindo, hata chakula cha mchana kikanishinda.

Wiki iliyofuata tukarudi Mombasa. Nilimsafisha macho mwenyewe kwa pamba na mafuta, taratibu, naye akilalamika kwamba namwosha kama maiti. Picha ikatoka safi, haikupinda popote. Uvimbe ulikuwa pale pale, umeulalia mshipa.

Baba akatoka chumbani akitafuta viatu vyake.

"Imetoka sawa?"

"Imetoka sawa, Baba."

"Alhamdulillahi," akasema, uso umemkunjuka, akanishika mkono, akataka tupige simu nyumbani tuwape watu habari njema.