Siku ya Kupanua Magurudumu

Nyinyi mliokua nami upande huu wa Chepsaita, mnaikumbuka harufu ya trekta asubuhi? Dizeli, grisi, na udongo mwekundu uliokaukia kwenye matairi tangu jana. Sisi tuliamshwa na harufu hiyo kabla ya harufu ya chai. Trekta yetu ilikuwa ndogo, ya aina ile ambayo wenye mashamba makubwa waliicheka wakiipita barabarani, lakini kwetu ilikuwa kama mtu wa sita nyumbani. Tulikuwa Baba, Mama, kaka yangu Kiprop, mimi Jerop, na mdogo wetu Chebet. Kisha trekta.

Tulikwenda shule na viatu vya mpira vilivyotoboka vidoleni, na mifukoni tumeficha mahindi ya kuchoma yaliyobaki jana, magumu kama kokoto. Mwalimu akigeukia ubao, darasa zima lilitafuna. Jioni tulivingirisha tairi za baiskeli kwa kijiti, tukapiga mpira wa karatasi na kamba, na kabla giza halijaingia tukacheza brikicho. Anayetafuta anafumba macho na kuita, "Brikicho!" Wanaojificha wanajibu, "Bado!" Anaita tena, wanajibu tena, hadi kila mmoja apate pa kujificha na kunyamaza. Huo wote ulikuwa mchezo, na haukuhitaji chaji. Mtoto wa Kiprop akija siku hizi kutoka mtaa wa Huruma, mjini, huuliza waya wa simu kwanza, ndipo amsalimie nyanya yake. Najua sina umri wa kusema "watoto wa siku hizi." Nilimaliza chuo kule Kesses juzi tu, na bado nalala katika chumba nilicholala nikiwa darasa la tatu. Lakini acheni niseme.

Nikiwa mkweli, kumbukumbu yangu kubwa ya utotoni si mchezo wala chakula. Ni hofu, na hofu hiyo ilikuwa na msimu wake, kama mvua.

Wakati wa palizi, Baba aliyasogeza magurudumu ya nyuma ya trekta yakaribiane, ili yapite katikati ya mistari ya mahindi bila kukanyaga mche. Wakati wa kulima aliyapanua, kwa sababu shamba letu linateremka hadi mtoni, na trekta iliyobana miguu kwenye mteremko ni kama mtu anayesimama kwa mguu mmoja kwenye utelezi. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: gurudumu la trekta limebonyea upande mmoja kama sahani. Ukilifunga jinsi hii, trekta inabana. Ukilifunga jinsi ile, inapanuka. Kwa hivyo la kushoto lilihamia kulia na la kulia likahamia kushoto, ili meno ya tairi yaendelee kutazama mbele. Kusema ni rahisi. Ila matairi yetu yalijazwa maji ili trekta iwe na uzito, na gurudumu moja liliwashinda wanaume wawili wakilishika vibaya.

Jirani mmoja wa ng'ambo ya mto alimaliza palizi akasahau kupanua. Alipoanza kulima, trekta ilimgeukia kwenye mteremko. Hakufa, lakini tangu hapo alitembea akiburuta mguu, na sisi watoto tukisikia ule mguu kanisani, srr, srr, tulitazama chini. Baba hakuhitaji kutuhubiria. Mguu ule ulihubiri kila Jumapili.

Ndiyo maana siku ya magurudumu ilikuwa na sheria. Mama hakuweka sufuria motoni. Mbwa alifungwa. Mzee Kamau mwenye duka alifunga mlango wake akaja kusaidia, akiwa na jeki yake aliyoifunga kwa gunia kama mtoto mchanga. Baba alilegeza nati zote trekta ikiwa bado chini, akaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, akainua kwa jeki, akaegemeza tumbo la trekta juu ya magogo. Na kabla ya kushusha alituita mmoja mmoja kwa jina. Kila mtu ajibu kwa sauti yake mwenyewe. Huruhusiwi kumjibia mwenzako. "Macho hudanganya," alikuwa akisema. "Sauti haidanganyi. Bila sauti, hakuna kushusha."

Mwaka ninaousema, Chebet hakuwa ameanza shule. Mawingu yalikuwa yametanda juu ya Turbo na Baba alikuwa na haraka, jambo ambalo si tabia yake. Magurudumu yote mawili yalikuwa yametolewa. Moja walikwisha kulifunga upande wake mpya. La pili lilikuwa limeegemezwa kwenye ukuta wa mbao wa stoo ya mahindi, likingoja zamu. Sisi watoto tulikuwa tumechoka kusimama, na Kiprop akaanzisha brikicho kwa sauti ya chini ili Baba asisikie. Akafumba macho, akageukia mti wa ua. Mimi sikujificha. Hata utotoni nilikuwa mtu wa kufikiria kwanza: je, Baba akituona? Je, jeki ikiteleza wakati huohuo? Nilibaki pale nikifikiria.

Mvua ikaanza kudondoka. Baba akashika mpini wa jeki ashushe upande uliokwisha fungwa.

"Kiprop!"

"Niko!"

"Jerop!"

"Niko, Baba."

"Chebet!"

Nakumbuka matone tu yakigonga boneti. Baba aliganda, mkono ukiwa kwenye mpini. Sikuthubutu kutazama chini ya trekta. Nilimtazama Mzee Kamau, na nikaona naye hathubutu.

"Chebet!" Baba aliita tena, na sauti yake ilikuwa nyembamba, si yake.

Kikajibu kisauti kidogo, cha furaha, "Bado!"

Hakikutoka chini ya trekta. Kilitoka upande wa stoo, nyuma ya lile gurudumu lililoegemezwa ukutani. Sasa sote tuliona: kiguu kimoja kimechomoza kwenye pembe kati ya tairi na mbao, kikijaribu kujivuta ndani. Na chini ya tairi, pale ardhi ilipoanza kulowa, kulikuwa na mfuo mpya kwenye matope. Gurudumu lilikuwa linateleza, taratibu, na kila Chebet aliposukuma ili apate nafasi, liliteleza zaidi.

Nilifungua mdomo nipige kelele. Baba aliinua kidole tu, na mdomo wangu ukajifunga wenyewe.

"Mtu asikimbie," alisema. "Mtu asimshtue. Kamau, bega."

Walitembea. Hicho ndicho kitu ambacho hadi leo hunitoa jasho, kwamba walitembea, kama watu wanaokwenda kumkamata kuku. Mzee Kamau akaweka bega upande mmoja, Baba upande wa pili, miguu yao ikizama.

"Chebet, toka pole pole," Baba alisema.

"Sitoki. Kiprop hajaniona."

Baba akageuza shingo bila kugeuza bega. "Kiprop. Sema umemwona."

Kiprop alikuwa analia tayari, kamasi hadi kidevuni, lakini mnamjua Kiprop. "Lakini sijamwona, Baba! Nimeona mguu tu!"

"Wee kijana!" Mzee Kamau alifoka kwa kunong'ona, mishipa imemsimama shingoni. "Sema umemwona kabla nife hapa!"

"Nimekuona, Chebet," Kiprop akasema.

Akatoka, kitako kwanza, amejaa vumbi la mahindi na amekasirika. "Hiyo haihesabiki! Ameambiwa na Baba!" Mama alimdaka kabla hajamaliza kulalamika. Wanaume wale wakaruka kando, na gurudumu likajilaza palepale alipokuwa amejikunja. Halikupiga kelele. Lilitoa mlio mfupi, mzito, kama mtu mnene anayeketi kwenye kochi. Mama aliketi kwenye matope na Chebet mapajani, akawa anamhesabu vidole kana kwamba ndiyo kwanza amezaliwa. Hakuna aliyechapwa siku hiyo. Hilo ndilo lililotuogopesha kuliko yote.

Tangu hapo, siku ya magurudumu, jina la Chebet likawa la mwisho kuitwa, na jibu lake likawa ni hilohilo, "Bado!" hata alipofika sekondari na kuona aibu mbele ya wenzake. "Hata ukiwa umejificha," Baba alimwambia, "nikikuita, jibu." Na kusema kweli hakuwahi tena kushinda brikicho. Ukitaka kumpata, mwite tu.

Sasa niwaambie ya juzi.

Goti la Baba limekataa trekta. Kiprop, ambaye sasa anachomelea milango ya chuma huko Huruma, alikuja kulima kabla mvua haijashika, na magurudumu yalikuwa bado yamebana tangu palizi. Tukayapanua sisi wawili. Mama alikuwa jikoni, bila moto, kama zamani. Baba alikuwa kwenye kiti cha plastiki barazani, fimbo magotini. Mzee Kamau alishatangulia mbele za haki, lakini jeki yake ilibaki kwetu, na bado inalala ndani ya gunia.

Nilikagua mawe. Nilikagua magogo. Nikarudi kukagua mawe.

"Jerop, hayo mawe hayaendi sherehe mahali," Kiprop alisema. "Kwani huko Kesses ulisomea degree ya kuogopa?"

"Na nilifaulu," nikamwambia. "Kagua nati."

Tulicheka, lakini nilikuwa na hofu nyingine ambayo sikuitaja. Chebet alikwenda Arabuni kufanya kazi za nyumbani, na tangu wiki iliyopita ujumbe ninaomtumia ulikuwa haufiki. Alama moja tu ya kijivu badala ya mbili, kisha basi. Nilikuwa nimejipa sababu zote: simu imeharibika, bando limeisha, bosi amesafiri naye. Kisha nilijipa sababu nyingine, zile za saa ambazo mtu hana usingizi, na hizo siziandiki hapa. Nilimwambia Baba tu kwamba Chebet ana kazi nyingi.

Magurudumu yalipokazwa, Kiprop akatoa magogo, akashika mpini wa jeki. Kutoka barazani Baba akakohoa.

"Kiprop!"

"Niko, Mzee."

"Jerop!"

"Niko, Baba."

"Mama Kiprop!"

"Niko huku!" Mama akajibu kutoka jikoni.

"Chebet!"

Kiprop alicheka kidogo, akanitazama, akaacha kucheka. "Mzee, Chebet yuko Arabuni. Atafikaje chini ya trekta?"

"Sijauliza yuko wapi," Baba alisema. "Nimemwita."

Na hapo nikaelewa kwamba alijua. Sikuwa nimemdanganya kwa ile habari ya kazi nyingi. Kiprop alirudisha magogo chini ya trekta, akaketi kwenye nyasi. Nikarekodi sauti: "Chebet, Baba anakuita. Tunapanua magurudumu. Jibu." Nikaituma. Alama moja. Mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa Turbo, kama siku ile. Mama akaja na chai baridi ya chupa, tukanywa tukitazama trekta ikining'inia, miguu imepanuka, haijagusa ardhi. Niliwaza: tukikaa hivi hadi kesho? Tukikaa hivi hadi mvua? Na kama hakuna atakayejibu, Baba ataiacha juu hadi lini? Nilijua jibu, ndiyo maana sikuuliza.

Jua lilikuwa limeanza kuinama simu ilipotetema. Ilikuwa sauti fupi, fupi mno. Nikaiweka karibu na sikio la Baba, na sote tukainama pamoja naye.

"Bado," Chebet alisema.

Mama alisema asante Mungu mara nyingi, akajifuta kwa leso. Baba alifumba macho, akayafumbua. "Shusha," akasema. Trekta ikateremka taratibu, ikasimama kwa miguu mipana kama dume lililoshiba, na asubuhi yake Kiprop aliupanda na kuushuka ule mteremko bila kuyumba hata mara moja.

Lakini jioni ile ya kushusha, kabla ya kulima, kila mtu akiwa ametulia na ugali na mursik, maziwa yetu ya mgando, Baba aliomba nimchezee sauti ile tena. Nikamchezea. Akaomba tena. Kiprop akaacha kutafuna. Ndipo nasi tukasikia alichokuwa amekisikia yeye tangu mwanzo: hakuwa amesema kwa sauti. Alikuwa amenong'ona, na nyuma ya mnong'ono kulikuwa na mlango unaofungwa polepole.

Baba alimgeukia kaka yangu. "Kiprop," alisema. "Mwambie umemwona."

Safari hii Kiprop hakubisha. Alichukua simu kwa mikono miwili, ile mikono yake iliyoungua kwa moto wa kuchomelea, akaisogeza mdomoni. "Nimekuona, Chebet," alisema. "Toka. Rudi nyumbani."

Zamani, enyi wenzangu, mtu alijificha mbali kiasi ambacho sauti ya baba yake inaweza kufika, na wanaume wawili wakitembea polepole walitosha kumfikia kabla kitu hakijamwangukia. Tuliogopa sana, lakini hofu yetu yote ilikuwa ndani ya ua mmoja. Sasa mabega ya Baba yako hapa na Chebet yuko kule. Kesho asubuhi naanza kutafuta ofisi kwa ofisi, Eldoret kwanza, mtu yeyote anayejua jinsi ya kumrudisha mtoto wa watu. Usiku huu nimeweka simu juu ya mto, kioo kikitazama juu. Alama ni moja.