Mungu Aliyehamishwa

Watu wa kijiji cha Melavayal, kusini mwa India, walipoulizwa kama wanakubali hekalu lao bovu likarabatiwe, wote waliinamisha vichwa isipokuwa Pavunammal. Mjane huyu alikuwa amemwashia mungu Shiva taa peke yake kwa miaka thelathini, katikati ya popo na magugu. Alisimama akasema, "Mimi nakubali. Mnaogopa nini? Paa likianguka mtalizuia kwa vichwa vyenu?"

Walikuwa na sababu ya kuogopa. Paa haliguswi mungu akiwa ndani. Lazima kwanza kuhani amtoe kwenye jiwe lake, amhamishie kwenye ubao wa mkuyu uliochorwa sura yake, na mungu akae humo, kwenye kibanda cha muda, mpaka kazi iishe. Kazi ikikwama, anabaki huko huko, na mkosi ni wa kijiji kizima.

Vijana wa kujitolea walikuja kwa basi kutoka Chennai kila Jumapili ya mwisho wa mwezi. Kiongozi wao, Ilamparithi, alikuwa mtu wa kompyuta, mikono laini kama ya mtoto, lakini moyo wa kazi alikuwa nao, tusimnyime haki yake. Pavunammal aliwapikia wali na sambar, mchuzi wa dengu.

"Bibi, utatunenepesha!" Ilamparithi alimtania.

"Kula wewe. Na kiuno hicho utainua jiwe gani?"

Kuhani akaja, akasoma maombi yake, akamhamisha mungu. Vijana wakaliteremsha paa jiwe kwa jiwe, na kila jiwe wakaliandika namba ili lije lirudi mahali pake. Kwa chaki! Watu waliosoma mpaka wakachoka, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba mwezi wa Aippasi mvua hainyeshi, inamwagika. Siku ya nne ya mvua mawe mia sita yalikuwa yamelala uwanjani, safi, bila namba hata moja. Picha walizopiga hazikusaidia, kila jiwe lilifanana na mwenzake.

Ilamparithi aliporudi akayaona, alilia mbele za watu. Mwezi uliofuata walikuja kumi na wawili, uliofuata watano, kisha basi halikuonekana tena. Sasa ni miaka mitatu.

"Huyoo anapita, aliyemfukuza Shiva," wanawake husema bombani, wala hawashushi sauti. Ng'ombe akiharibu mimba, ni Pavunammal. Kisima kikikauka, ni yeye. Hata mwanawe alimwambia, "Mama, ungenyamaza siku moja tu maishani mwako." Hilo lilimkata maini.

Alimwendea kuhani. "Mrudishe kwenye jiwe lake, mheshimiwa. Nakuomba."

"Siwezi, mama. Mpaka paa lisimame."

"Litasimamishwa na nani?"

Kuhani aliwasha pikipiki yake akaondoka.

Juzi asubuhi Pavunammal alifungua kibanda, taa mkononi, akaunyoosha ubao uliokuwa umeinama kidogo. Ukamegeka. Mchwa walikuwa wameula wote kwa ndani, wakabakiza rangi ya juu tu. Vidole vyake vilijaa unga.

Alitoka mbio, umri ule, mpaka hekaluni. Jiwe la Shiva lilikuwa pale pale chini ya anga, limelowa, na hamkuwa na mungu ndani yake. Kuhani mwenyewe ndiye aliyemtoa. Kule kibandani nako hapakuwa na kitu.

Pavunammal alitaka kumwomba mungu wake msamaha. Akaunganisha viganja, akasimama kati ya jiwe na kibanda, asijue ageukie wapi.