Kapu la Kwaresima la Darasa la Nne

Jamani, mimi ni mwalimu, na mwalimu hapendi kukiri kosa, lakini aibu hii nimeibeba tangu Kwaresima ya mwaka juzi na leo naitua mbele yenu, mkitaka nichekeni, mkitaka nizomeeni, vyote nastahili.

Yote yalianza na karatasi. Shuleni kwetu Nyakato (shule ya kanisa), kila Kwaresima watoto huleta chochote walichojinyima nyumbani, kikombe cha mchele, sukari, maharage, dagaa, tunatia kwenye kapu, na Ijumaa kabla ya Jumapili ya Matawi darasa zima linampelekea mtu mwenye shida. Mwaka ule nikajiona mbunifu (ujinga wa aliyesoma ndio mbaya zaidi), nikabandika ukutani majina ya watoto wote, anayeleta anachorewa nyota. Watoto wakashindana kweli kweli, na kufikia wiki ya nne kila jina lilikuwa na nyota isipokuwa moja, la Veronika, binti mpole wa dawati la mbele, ambaye kila nikimuuliza anajibu, "Nimesahau, mwalimu." Nikawa namwambia mbele ya wenzake kwamba Yesu hakusahau msalaba wake. Ndiyo, nilisema hivyo, kwa mdomo wangu huu.

Ijumaa ikafika, tukamaliza Njia ya Msalaba, tukatoka kwa maandamano na nyimbo, katekista mbele kwa sababu yeye ndiye aliyeichagua nyumba, mimi nyuma na hotuba yangu kichwani. Tulipoanza kupanda mlima wa mawe ulio jirani na shule, Veronika akanishika sketi.

"Mwalimu, tumbo linaniuma. Naomba nirudi."

"Hukuleta hata punje, na kubeba nako hutaki?" nikamwambia, tena kwa sauti, wote wasikie. "Haya, njoo mbele, beba unga!"

Akajitwisha mfuko wa unga, akatembea mbele yetu kimya huku wenzake wakiimba. Katekista akasimama kwenye kibanda cha udongo, na kabla hajabisha hodi mtoto mmoja akapaza sauti, "Mwalimu, si hapa ndipo kwa akina Vero!"

Akatoka bibi mmoja anachechemea, akatuona, akamwona mjukuu wake na mzigo kichwani. "We Vero, unawaachaje wageni juani? Toa mkeka!"

Veronika akatua unga, akaingia ndani, akaleta mkeka, akautandika, kisha akapiga magoti mbele yangu kama mwenyeji anavyopaswa. "Shikamoo, mwalimu. Karibu."

Nikaitikia marahaba huku nautazama ule unga.

Bibi naye, asiyejua lolote, akaanza kutushukuru huku anacheka. "Huyu kanililia wiki nzima nimpe dagaa kikombe kimoja, anasema mwalimu anatoa nyota. Nikamwambia, mjukuu wangu, nikikupa hizi tutalala na nini?"

Halafu mtoto mmoja nyuma akauliza, bila ubaya wowote, "Mwalimu, sasa Vero atapata nyota?" Wawili watatu wakacheka. Veronika alikuwa anatazama chini, ananyoosha pembe ya mkeka ambayo wala haikuwa imejikunja.

Nikafungua mdomo nitoe hotuba yangu (ilikuwa inahusu furaha ya kutoa), nikasema, "Watoto wapendwa," nikaishia hapo, machozi yananitoka mbele ya darasa langu na majirani waliokwisha kujaa, mpaka katekista akaniokoa kwa sala. Baadaye Sista, mkuu wa shule yetu, ndiye aliyeniambia kwamba mtoto yule anasomeshwa na parokia. Sikuwa nimewahi kuuliza.

Jumatatu niliichana karatasi kabla ya kengele, lakini Veronika hakuja, wala Jumanne. Jumatano nikapanda mlima peke yangu kuomba msamaha.

"Amekwenda kwa shangazi yake Sengerema," bibi akasema. "Kasema atasoma hukohuko, shule ya serikali."

"Aliondoka na hasira, bibi?"

"Hasira ya nini? Kaacha salamu. Anasema mwalimu amsamehe, hakuleta kitu."

Niliteremka yale mawe naona aibu hata kwa mbuzi. Sitabandika tena jina la mtoto ukutani kwa kitu kinachotoka jikoni kwao, na mtu akiniambia watoto husahau haraka, naondoka zangu.