Mkata Nyama Aliyeitwa Shoga

Njau alianza kukata nyama katika bucha moja ya Thika akiwa kijana, na sasa kichwa chake kina mvi. Anaishi Kiandutu, katika chumba kimoja na Kinuthia, fundi wa viatu. Kwa miaka mingi majirani waliwaita "wale wazee wawili" na kuazima chumvi kwao. Kisha mwaka jana mteja mmoja, akisubiri mbavu zake zipimwe, alisema kwa sauti: "Huyu hana bibi na anaishi na mwanaume. Si huyu ni shoga?"

Foleni nzima ilicheka.

Shuleni tulisoma kwenye kamusi kwamba shoga ni rafiki wa kike wa mwanamke, na huko Pwani wanawake bado huitana hivyo kwa upendo. Huku kwetu sijawahi kulisikia kwa upendo. Ni neno la kumnyooshea mtu kidole, na likishamshika hakuna anayemuuliza chochote. Watu huanza tu kuficha vikombe vyao. Mwenye bucha alimhamisha Njau nyuma, kwenye matumbo, ili wateja wasimwone.

Uvumi huo haukumzuia Mumbi, binti wa Tabby, dadake Njau, kule Ruiru. Mumbi alikuwa akipangiwa ngurario, sherehe ya kufunga ndoa Kikikuyu. Siku hiyo mbuzi hukatwa mbele ya koo mbili na kila sehemu ina mwenyewe. Masikio hupewa wasichana wa boma.

"Anko, mbuzi wangu utakata wewe," Mumbi alimwambia kwenye simu. "Sitaki mtu mwingine."

Njau alinoa kisu jioni nzima. "Koo mbili zikikula kutoka kwa mkono wangu," alimwambia Kinuthia, "hilo neno litakufa."

"Na wakikataa?"

"Ni watu wangu, Kinuthia."

Uani Ruiru, wageni wa upande wa bwana harusi walikaa chini ya hema. Njau alikata masikio ya mbuzi, akawaita wasichana. Wawili wakaja mbio, mikono mbele. Mama yao akawawahi na kuwavuta kwa kola.

"Rudini hapa! Hamtashika kitu ya huyo."

Mzee mmoja wa wageni alimnong'oneza Gathogo, babake Mumbi. Gathogo akainuka, akamwendea shemeji yake huku akitabasamu kwa ajili ya wageni.

"Njau, watu wanauliza. Sema tu ni uongo, tukule."

"Wewe umenijua tangu uoe dadangu."

"Ndiyo nakwambia sema. Ai! Hata kama ni nini, wewe sema tu."

Njau alimtafuta Mumbi kwa macho. Alikuwa kati ya wanawake, leso mabegani, akitazama miguu yake. Jibu lililotakiwa lilikuwa fupi, na nyama ilikuwa tayari mbele yake.

"Kinuthia ni mtu wangu," Njau alisema. "Siwezi simama hapa nimkane."

Hema zima lilisikia. Gathogo hakutabasamu tena. Alimnyang'anya kisu na kumaliza kazi mwenyewe, akiponda mifupa, hadi mzee mmoja akauliza kama mbuzi huyo alikuwa amegongwa na lori. Watu wakacheka, wakashukuru kupata cha kucheka.

Nyuma ya nyumba, Tabby alimmwagia kaka yake maji ya kunawa.

"Harusi ya kanisa usikuje," alisema. "Usinichukie. Ni ya mtoto."

"Yeye ndiye amesema?"

Tabby aliendelea kumwaga maji hata baada ya mikono kutakata.

Njau alipofika Kiandutu, Kinuthia alikuwa ameketi mlangoni na kiatu cha mtu mapajani, sindano mkononi.

"Walikula?"

"Walikula," Njau alisema, akampita na kwenda kulala.